Siku Mwalimu Hakuitikia Shikamoo

Ugomvi ulianza kwa gauni. Tena si gauni la kutokea. Lilikuwa la buluu lenye maua meupe, limefuliwa mpaka maua yenyewe yameanza kusahau rangi yake, na Sista alilikuta kwenye mfuko nyuma ya mlango alipokuwa akitafuta kitu cha kumvisha mdoli.

Huyu Sista hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi wa chumba cha dharura, na mtaa mzima ulimwita hivyo kiasi kwamba hata mume wake, fundi wa friji, alishalizoea jina hilo. Hospitali ilikuwa imempa kazi ya ziada ya kuwafundisha wenzake kumrudisha mtu ambaye moyo wake umesimama. Si kubonyeza kifua tu, bali kozi nzima ya juu: mashine ya kushtua moyo, mpira wa kupitisha hewa kooni, dawa za kwenye mshipa, na nani asimame wapi asimkanyage mwenzake. Mtihani ulikuwa umekaribia, ukumbi wa mafunzo unapakwa rangi, basi akawaambia waje nyumbani kwake Jumamosi. Wakasukuma makochi ukutani, wakamlaza mdoli wa mazoezi kwenye zulia, wakamvisha gauni, kwa sababu, alisema Sista, mgonjwa wa kweli haji akiwa kifua wazi.

Tabu ni kwamba gauni lilikuwa la mama mkwe wake, na ule mfuko haukuwa wa nguo chakavu. Ulikuwa wa nguo za kupeleka kwa fundi cherehani.

Mama mkwe alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, na aliishi nao hapo nyumbani. Wanaume wazima wenye vitambi na wajukuu, wakimwona barabarani, walichomekea mashati. Kila mtu alimwita Mwalimu, na waliosahau waliangaliwa tu mpaka wakakumbuka. Siku hiyo alikwenda kumtembelea rafiki yake, hakumkuta, akarudi mapema. Akafungua mlango wa sebuleni, akajiona amelala kwenye zulia.

Ndivyo alivyoona yeye. Gauni lake lilikuwa limechanwa kwa mkasi kuanzia shingoni hadi kiunoni. Jitu moja la haja, tabibu wa gari la wagonjwa ambaye wenzake walimwita Mzito, lilikuwa limepiga magoti likibonyeza kifua mpaka zulia linakunjamana. Na mkwe wake alikuwa ameinamia sikio la mdoli akiita, "Mama, Mama, unanisikia?"

Hakuna aliyemwona. Walipokuja kugeuka walikuwa wameshamaliza zoezi, kila mtu na kikombe chake mkononi, naye amesimama pale mlangoni na mkoba wake kama mtu aliyefika msibani akakosa wafiwa.

Aliinama, akamvua mdoli gauni taratibu, akalikunja pamoja na mpasuko wake, akaenda nalo chumbani.

Sasa, kununa kwa Mwalimu kulikuwa jambo la kitaalamu. Wapo watu wakinuna sufuria zinalia na milango inabamizwa. Yeye alinyamaza, basi. Chakula alichopika Sista hakukigusa. Alijitengenezea chai yake na mkate wake, akasuuza kikombe chake, akakirudisha mahali pake. Akiwa na la kumwambia mkwe wake, alilipitishia kwa mwanawe. "Mwambie mkeo maji yamechemka," angesema, na Sista amesimama palepale jikoni, mkono juu ya sufuria. Fundi wa watu akageuka waya wa simu. Alipeleka na kurudisha, na usiku alilala amechoka kuliko siku anazobeba friji ghorofani. Sista aliomba radhi, hakujibiwa. Alinunua kitambaa kizuri cha gauni jipya, akakiacha kitandani kwa mkwewe. Jioni akakikuta kitandani kwake.

Kitu kimoja tu kilipona: salamu. Kuiacha shikamoo ya mtu ikining'inia hewani ni utovu wa adabu, na Mwalimu hakuwa tayari kukosa adabu kwa sababu ya hasira. Sista akisema "Shikamoo, Mama," alijibiwa "Marahaba." Ilikuwa fupi na kavu, imetolewa kama chenji anayorudishiwa mteja msumbufu, lakini ilikuwa marahaba. Sista aliishi kwa hiyo.

Hali ikawa hivyo kwa muda, hadi Jumatano moja Sista aliporudi alasiri kutoka zamu ya asubuhi. Wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwepo. Huyu alikuwa msusi, na siku anazofunga saluni huja kukaa na mama yake. Alikuwa amejinyoosha kwenye kochi na simu yake. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani.

"Afadhali umekuja," wifi alisema bila kuinua macho. "Leo kanuna mpaka kwangu. Nimeongea peke yangu kama redio."

Sista aliinama kuvua viatu. "Shikamoo, Mama."

Kimya.

Alikuwa ameshavua kimoja. Akaacha cha pili, akainua kichwa. "Mama, shikamoo."

"Achana naye, wifi. Ukimbembeleza ndiyo unamchochea."

Lakini Sista alikuwa ameanza kuangalia, kwa yale macho anayoyavaa kazini. Mtu aliyenuna ana shughuli nyingi. Anakaza shingo, anakwepa jicho lako, anasikiliza kila kinachosemwa ili apate cha kutokijibu. Mwalimu hakuwa akifanya hata kimoja. Shingo ilikuwa imelegea. Macho yalikuwa nusu wazi, yakitazama sehemu ya pazia isiyo na kitu. Feni ilikuwa inazunguka, na bado paji lake la uso lilikuwa limelowa.

"Amekula?" Sista aliuliza, tayari amepiga magoti mbele ya kiti.

"Nimemkuta hivyohivyo. Nimemuuliza nimletee chakula, hakunijibu. Nikajua ni yaleyale."

"Mama, nitazame mimi." Macho yalikuja polepole, yakampita, yakarudi kwenye pazia. Mkono ulikuwa wa baridi na umeloa jasho. "Mama, leo siku gani?"

Midomo ya Mwalimu ilihangaika kidogo. "Madaftari," alisema kwa ulimi mzito. "Kusanyeni madaftari."

Wifi alicheka, kisha akaona Sista hacheki, akaketi wima.

Sista alisikiliza pumzi: zipo, na njia ya hewa haijaziba. Alishika mshipa wa mkononi: unakimbia. Alimwambia aminye vidole vyake kwa mikono yote miwili, na ingawa iliminya kwa shida, iliminya sawa, kulia na kushoto. Uso haukuwa umekwenda upande. Alimulika macho kwa tochi ya simu na mboni zote mbili zikasinyaa. Basi kiharusi akakiweka kando kwanza, hakukitupa. Darasani alikuwa akiwaambia wenzake kila mara kwamba mtu akichanganyikiwa ghafla, kabla hujawaza la kitaalamu sana, jua sukari yake iko wapi. Na Mwalimu alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Kwenye kisanduku cha vidonge pale dirishani, tundu la Jumatano lilikuwa tupu. Sista alinyanyuka mara moja kuchungulia jikoni, akaona kopo la mkate halina kitu. Kidonge cha kushusha sukari kimemezwa, chakula hakijamezwa.

Mashine ndogo ya kupimia ilikuwa kwenye droo. Aliibonyeza, haikuwaka. Akaigeuza nyuma, hakuna betri.

"Kaka alizichukua," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Za rimoti zilikufa."

"Kaka yako nitamtafuta baadaye."

Wifi alikwishakimbilia friji, akarudi na glasi ya soda, akaiinua kuelekea mdomoni mwa mama yake. Sista alimshika kifundo cha mkono.

"Usimnyweshe. Hana fahamu ya kutosha kumeza. Ikiteremkia kwenye mapafu tutakuwa na matatizo mawili."

"Lakini si umesema ni sukari?"

"Ndiyo. Itapitia kwenye mshipa. Piga simu kwetu hospitalini, sema ni mimi ninayeita gari. Waambie mgonjwa ana kisukari, anapoteza fahamu, anapumua. Kisha mpigie kaka yako."

Walimshusha wote wawili kutoka kitini, wakamlaza ubavu kwenye zulia. Punde Mwalimu akaanza kukoroma.

"Amelala," wifi alisema kwa matumaini.

"Hajalala. Ni ulimi unaanguka nyuma." Sista alimgeuza chali, akaweka vidole chini ya taya, akalisukuma mbele, na mkoromo ukakatika. Akaita. Macho, ambayo dakika chache zilizopita yalikuja kwa kuitwa, safari hii hayakuja. Akabonyeza ukucha wa Mwalimu kwa mgongo wa kalamu. Mkono ulijivuta, mlio ukatoka kooni, lakini kope hazikupanda.

Katika darasa lake kulikuwa na somo zima la hilo. Unatazama macho yanafunguka kwa nini, mdomo unatoa nini, mikono inafanya nini, unatoa alama kila mahali, unajumlisha. Kisha unarudia, maana alama zikiwa zinashuka, ule mshuko wenyewe ndio habari. Sista aliijumlisha hesabu ya mkwewe bila kutaka. Ilikuwa imeshuka.

"Mama," aliita kwa nguvu, karibu na sikio. "Mama, unanisikia?"

Na hapo sauti ikamkatika, kwa sababu aliyasikia maneno yake mwenyewe, yaleyale, juu ya zulia lilelile. Mikono iliendelea kufanya kazi, mikono imefundishwa.

Mumewe aliingia na sanduku la vifaa bado begani. Alimwona mama yake, akaliachia sanduku palepale.

"Kafanyaje?"

"Piga magoti. Shika hapa, nyuma ya taya, sukuma mbele. Hivyo. Usiachie hata ukiwashwa pua."

Alishika. Sista akaweka vidole kwenye mshipa wa shingo, jicho likiwa kifuani, akisikilizia king'ora.

Dereva wa gari la wagonjwa aliitwa Breki, kwa kuwa hakupenda kuzitumia, na siku hiyo hakuna aliyemlaumu. Nyuma yake aliingia Mzito na begi lake. Hatua mbili ndani, akasimama. Akatazama zulia, makochi, Sista.

"Usiniambie ni yeye."

"Ni yeye."

Mzito hakupoteza muda zaidi. Tone la damu kidoleni, mashine yake ikafikiri, ikatoa namba. Hakuitamka, alimgeuzia Sista aione. Kisha barakoa ya oksijeni, waya za kusoma moyo, na msako wa mshipa. Mishipa ya Mwalimu ilikuwa imejificha kama watoto wasiofanya kazi ya nyumbani.

"Nijaribu mimi?" Sista aliuliza.

"Wewe leo ni ndugu wa mgonjwa. Kaa upande wa ndugu."

Alikaa upande wa ndugu. Ni upande mgumu, hakuwahi kuujua ulivyo mgumu. Mzito akapata mshipa kwenye kiwiko, akahakikisha umekaa sawasawa, akaanza kusukuma maji ya glukosi, polepole, kwa subira ambayo Sista alikuwa amemfundisha na sasa ikamwudhi.

Kwanza ilirudi rangi. Kisha mkono mmoja wa Mwalimu ukatambaa mpaka kwenye pindo la sketi, ukalivuta chini. Kisha macho yakafunguka. Yalitazama dari, yakamtazama mwanawe aliyeonekana kichwa chini miguu juu, halafu yakatua kwa Mzito, aliyekuwa amepiga magoti juu yake, mkono wake mpana ukirekebisha waya karibu na kifua. Mwalimu alimtazama kwa muda.

"Wewe tena," alisema.

Akapeleka vidole shingoni, akapapasa kola ya blauzi yake, akahakikisha haijachanwa. Breki alitoka nje haraka, kana kwamba amekumbuka gari linaungua, na mabega yake yalionekana dirishani yakitikisika.

"Mwalimu, unajua uko wapi?" Mzito aliuliza kwa heshima zote.

"Nyumbani kwangu. Wewe unajua uko wapi? Umeingia na viatu."

"Leo siku gani?"

"Jumatano. Saba mara nane?"

Mzito alisita. "Hamsini na... sita."

"Umefikiria sana."

Walimketisha. Soda ile aliyokatazwa, sasa aliinywa mwenyewe, na vipande viwili vya mkate ambavyo wifi alikwenda kuvinunua mbio dukani. Aliposhiba alifuta midomo, akawashukuru wote kwa kazi nzuri, akawaambia mlango wanaujua.

"Mama, ni lazima twende hospitali," Sista alisema. "Kidonge ulichomeza asubuhi hakijui kwamba umeamka. Kitaendelea kuivuta sukari chini leo yote, labda hadi kesho. Hii tuliyokupa ikiisha, utarudi ulikokuwa."

Mwalimu alimgeukia mwanawe. "Mwambie mkeo nimesikia."

Fundi alifungua mdomo kwa mazoea. Akaufunga. Mikono yake ilikuwa bado na alama za kushikilia taya la mama yake.

"Mwambie mwenyewe, Mama," alisema. "Yuko hapo."

Mzito alijishughulisha na kukunja waya zilizokwisha kukunjwa. Kumbeba kwa nguvu asingeweza, mgonjwa ana akili zake timamu, tena nyingi kuzidi za waliomzunguka.

Sista alikaa chini kwenye zulia, mbele ya kiti. "Nisamehe kwa lile gauni, Mama. Nilidhani ni la kutupa."

"Gauni ni kitambaa," Mwalimu alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia kitu moja kwa moja tangu ile Jumamosi.

"Sasa ni nini?"

Mwalimu alilaza pindo la sketi magotini. "Nilisimama pale mlangoni karibu tangu mwanzo. Nilikuona unavyoita, Mama, Mama, mpaka mishipa ya shingo imesimama. Nikasema moyoni, kumbe mtoto wa watu ananipenda, tazama anavyohangaika na mimi. Nilikaribia kulia. Halafu huyu bwana," akamwonyesha Mzito kwa kidevu, "akasema, basi, tumempoteza. Na wewe ukasema, haya, tunywe chai."

Mzito aliacha kukunja waya.

"Na mkafungua biskuti," Mwalimu aliongeza.

Sista alianza kucheka, na kabla hajamaliza akajikuta analia, vyote viwili vikigombania uso mmoja. "Mama, yule alikuwa mdoli."

"Alikuwa amevaa gauni langu."

"Leo hakuwa mdoli. Leo nimekuita hivyohivyo, sauti ikanikatika. Muulize wifi. Sitaki kukuita hivyo tena, Mama. Tafadhali twende."

Mwalimu alimkagua kutoka juu hadi chini, na macho yakaishia miguuni. "Una kiatu kimoja."

"Nilikuwa navua. Nikakusalimia, hukuitikia."

"Sikuitikia nini?"

"Shikamoo. Nilikuamkia mara mbili."

Mwalimu alimgeukia binti yake. Wifi akatikisa kichwa kukubali. Habari hiyo ilimwingia Mwalimu kuliko namba ya mashine, kuliko waya, kuliko maelezo yote ya kidonge.

"Basi kweli nilikuwa naumwa," alisema, akanyoosha mkono ili anyanyuliwe.

Hospitalini mambo yalikwenda kama alivyosema Sista. Jioni ileile sukari iliteremka tena, lakini safari hii kulikuwa na muuguzi aliyekuwa akiipima kila mara na dripu imeshatundikwa, ikadakwa njiani. Daktari alipima na figo, akaeleza kwamba hazina tena kasi ya ujana, kwa hiyo dawa iliyokuwa ikimfaa zamani sasa inakaa mwilini kama mgeni asiyeaga. Akambadilishia. Mwalimu aliuliza maswali mengi, akaridhika na majibu mengi, mawili akataka aelezwe upya.

Wodini aliongea. Maneno aliyoyaweka akiba yalitoka yote. Alimsimulia mama wa kitanda jirani kisa cha mdoli kuanzia gauni hadi biskuti, na kila aliposimulia, Mzito alizidi ukubwa na mkasi ukazidi urefu. Mzito mwenyewe alipopita kumjulia hali, aliulizwa tisa mara sita mlangoni, akajibu hapohapo. Inasemekana alikuwa amejisomea garini. Mumewe Sista alinunua betri za mashine, za rimoti, na za saa ya ukutani ambayo wala haikuwa imesimama.

Walipomruhusu, Sista aliomba siku ya mapumziko ili akae naye. Mwalimu alikula chakula cha mchana chote, akasema chumvi imezidi, akaongeza kidogo, akaenda kujilaza. Nyumba ikatulia. Sista alianza kufua, akaacha. Akaenda kwenye mlango wa chumba, akausukuma kidogo kwa kidole.

Mwalimu alikuwa amelala ubavu, mgongo mlangoni. Shuka lilipanda, likashuka. Likapanda, likashuka. Sista alirudi kwenye nguo zake. Baada ya muda akajikuta tena pale mlangoni, mikono ina povu, akitazama shuka.

Mara ya tatu, sauti ikatoka kitandani bila kichwa kugeuka.

"Napumua, mwanangu. Huu ni usingizi wa kawaida, wa mtu aliyeshiba. Nenda na wewe ukalale."